Wiki Tunayokaa Kwenye Kigoda

Mimi nimezaa watoto sita, nimezika mume, nimelima mtama miaka ambayo mvua ilikataa kabisa, na sikuwahi kuona mzazi akimwomba msamaha mtoto wake mpaka alipokuja mkwe wangu. Siku ya kwanza kuliona jambo hilo nilisimama mlangoni na sinia la viazi mkononi mpaka viazi vikapoa. Mkwe wangu amekaa kwenye kigoda, kile kifupi cha kukamulia ng'ombe, magoti yamemfika kidevuni. Mbele yake, kwenye kiti cha mwalimu, kile chenye mgongo, amekaa mjukuu wangu wa kike, miaka sita wakati huo, miguu inaning'inia haifiki chini. Mama anatazama juu, mtoto anatazama chini. Na mama anasema, "Siku ile nilikuita mvivu, kumbe ulikuwa na njaa. Naomba unisamehe."

Nilishtuka kama mtu aliyefungua mlango akakuta mwenzake anaoga. Nikarudi jikoni na viazi vyangu. Nikasema moyoni, huyu mwanamke atatuharibia watoto.

Basi nieleze vizuri, msije mkadhani kwetu watoto ndio wanaotawala.

Sisi ni watu wa Kinampanda. Mwanangu wa mwisho anafanya biashara ya asali na mahindi kule Mitundu, mbali, upande wa Itigi, na nyumbani anakuja sikukuu na wakati wa mavuno. Mke wake na watoto wao wawili wanaishi na mimi. Mkubwa ni huyo wa kike. Mdogo wake ni wa kiume, ana miaka minne, namwita mume wangu na yeye anaitika kwa maringo. Yule wa kike namwita mke mwenzangu. Ndivyo tunavyotaniana huku bibi na wajukuu.

Mke mwenzangu huyu alizaliwa na ugonjwa wa damu, sikoseli. Ukimwona amekaa hujui kitu. Ila ugonjwa ukimwamkia, mtoto anajikunja kama gunia tupu na kulia maumivu ya mifupa mpaka sauti inaisha. Anaishi kwa vidonge vya kila siku, maji mengi ya kunywa, na kukingwa na uchovu na baridi. Baridi hasa. Alipoanza darasa la kwanza alikwenda shuleni wiki kama tano. Shule iko ng'ambo ya bonde, na kwetu ni juu, upepo wa asubuhi unakata kama wembe. Katika wiki hizo tano alilazwa mara mbili.

Mkwe wangu ana cheti cha ualimu, na alikuwa anafundisha watoto wadogo kwenye shule moja ya binafsi. Akaacha kazi. Akaenda kuongea na mwalimu mkuu, wakakubaliana kwamba mtoto abaki kwenye orodha ya shule, asome nyumbani, aende tu kufanya mitihani na wenzake. Mwalimu mkuu ni mtu mwema lakini hana maneno mengi. Alisema akianza kubaki nyuma, itabidi arudi akae darasani kama wengine, baridi au hakuna baridi.

Ndipo stoo yangu ya alizeti ikageuka shule. Mkwe alipaka ubao rangi nyeusi, akapaka ukuta chokaa, akaweka meza karibu na dirisha lenye jua. Asubuhi wanaimba, wanaomba, wanasoma Neno, halafu hesabu, halafu kusoma, halafu mtoto anapumzika. Majirani walicheka. Mmoja alinisimamisha njiani akaniuliza kama ni kweli mjukuu wangu anasomea kwenye magunia. Nilimwambia ndiyo, na wa kwako anayesomea kwenye dawati mbona hajui kuandika jina la baba yake? Tukaachana hapo.

Maana mimi nilishaona. Miezi minane baada ya kuanza, jioni moja, mke mwenzangu alichukua kitabu cha Mungu kwenye meza yangu, akafungua alipofungua, akasoma. Mimi niliishia darasa la nne. Kusoma najua, ila nasoma kama mtu anayevuka mto, jiwe moja moja, na nikifika ng'ambo nimesahau nilikotoka. Yeye alipita juu ya maneno kama upepo juu ya mtama. Niliweka chini ungo niliokuwa napepetea. Nilimwangalia mdomo. Mtoto huyu ambaye daktari mmoja aliwahi kutuambia tusiweke matumaini makubwa, sauti ya Mungu ilikuwa inatoka kwake, pale pale nilipozoea kuona ute wa homa. Nilitoka nje nikasimama zizini na ng'ombe mpaka machozi yakakauka, sikutaka anione.

Kwa hiyo shule ya nyumbani niliikubali. Nilichokuwa sijakubali ni ile wiki.

Ile wiki ni ya kati ya Krismasi na mwaka mpya. Mimi nilidhani kujiandaa kwa mwaka wa masomo ni kununua chaki na kufunika madaftari kwa magazeti. Mkwe hagusi hata daftari moja kwanza. Mwaka ule wa kwanza nilimkumbusha, nikasema bei zinapanda Januari, twende Kiomboi tukanunue. Akajibu kwa upole wake ule, "Madaftari hayana kinyongo mama, yanaweza kusubiri. Sisi ndio wenye kinyongo."

Anaamini hivi: ukianza mwaka mpya wa kumfundisha mtoto wako na mabaya ya mwaka wa jana bado yapo kati yenu, mtoto hatakusikia wewe, atasikia yale mabaya. Shuleni mtoto akigombana na mwalimu, jioni anarudi kwa mama. Hapa mwalimu ndiye mama, na mtoto hana pa kurudi. Kwa hiyo mwaka mzima anaandika kwenye daftari lake mwenyewe kila mahali alipomkosea mwanafunzi. Wiki ile inapofika, anamkalisha mtoto kwenye kiti cha mwalimu, yeye anakaa kwenye kigoda, anasoma moja moja na kuomba msamaha. Wanaomba pamoja. Ndipo anaanza kupanga mwaka.

Mwaka wa kwanza nilijificha jikoni. Mwaka wa pili nilikwenda kwa dada yangu Kiomboi, nikasingizia mguu. Kwetu mzazi akikosea, anampa mtoto kipande cha nyama zaidi, na mtoto mwenye akili anaelewa.

Sasa nifike kwenye mwezi wa sita wa mwaka jana.

Mkwe alifiwa na mjomba wake kule Ikungi. Ilimbidi aende, siku nne. Akaniachia darasa. Aliniandikia kwenye karatasi kwa herufi kubwa kubwa: kurasa hizi za kusoma, hesabu hizi, apumzike saa ngapi, anywe maji mara ngapi. Nilijisikia mkubwa. Mimi wa darasa la nne, nimepewa chaki.

Nikasema na mimi nitafundisha nilivyofundishwa. Mwalimu wetu wa zamani, kabla hatujaingia darasani, alitupanga mstari kwenye pipa, mwezi wa sita huo huo, tukanawishwa uso, mikono na miguu mpaka magotini kwa maji yaliyolala nje. Alisema yanafungua kichwa. Na mimi herufi zangu zote nilizipata mwaka ule wa maji. Tangu wakati huo niliamini kabisa kwamba akili inalala kwenye joto na inaamka kwenye baridi. Watoto wangu wote niliwanawisha hivyo siku za mitihani.

Siku ya kwanza nilimnawisha uso tu. Akasoma vizuri, nikaona dawa inafanya kazi. Siku ya pili nikamnawisha mpaka magotini. Alinishika mkono, akaniambia, "Bibi, baridi inaniingia kwenye mifupa." Nilimjibu kwamba mifupa ya mwanafunzi lazima iijue baridi. Hayo ndiyo maneno yangu, nayaandika kama nilivyoyasema. Nikamimina kata nyingine.

Jioni ile ile akaanza. Kufika saa moja alikuwa hawezi kunyoosha mguu. Nilimfunga mgongoni kwa khanga mbili, mtoto wa miaka minane, nikapanda naye pikipiki mpaka hospitali Kiomboi. Alilazwa siku nane. Manesi waliniuliza ilianzaje. Nikasema imeanza tu. Mkwe akarudi kutoka msibani moja kwa moja mpaka wodini, hata viatu vina vumbi la Ikungi, akaniuliza ilianzaje. Nikasema imeanza tu, mwanangu, si unajua ugonjwa huu.

Mtoto alikuwa anasikia. Macho yalikuwa wazi. Hakusema kitu.

Alipopona akarudi darasani kwa mama yake, akaendelea vizuri tu. Kwangu akabadilika. Shikamoo nilipata, kila asubuhi, haikosi. Nikimtania mke mwenzangu anatabasamu kidogo kama mgeni. Nikiingia darasani wakati anasoma, anafunga mdomo. Anaweka kiganja juu ya ukurasa, ananisubiri nitoke. Mkwe aliliona hilo akadhani ni deko la kuumwa. Mimi nilijua si deko.

Ikafika Desemba. Mkwe alikuwa na mimba kubwa, atajifungua Februari, na wote tulijua kwamba kwa miezi ya kwanza ya mwaka hataweza kusimama ubaoni kila siku. Mke mwenzangu anaingia darasa la nne. Akikosa mwalimu miezi mitatu, mtihani utamwacha, na mwalimu mkuu atatimiza neno lake, na mtoto ataanza kuvuka bonde asubuhi na upepo ule. Hakuna mwingine wa kushika chaki ila mimi. Mwanangu alipofika kutoka Mitundu tukakaa mezani, mkwe akamwuliza binti yake mbele yetu sote kama atakubali kufundishwa na bibi mama akiwa na mtoto mchanga.

Mtoto aliangalia sahani yake. Akasema, "Labda baba."

Mwanangu akacheka, akasema mimi, binti yangu, nitakufundisha bei ya asali tu, baada ya hapo nimekwisha. Sisi wengine hatukucheka. Mkwe alinitazama, akamtazama binti yake. Nilisema mwambie tu atafundishwa na bibi yake, tangu lini mtoto anachagua? Mkwe akasema hapana, mtoto hafundishiki na mtu anayemwogopa, na kama hataki basi tutafute njia nyingine. Njia nyingine haikuwepo. Yeye anajua, mimi najua.

Siku iliyofuata nikaanza kupanga mfuko wangu wa kwenda kwa dada yangu. Mkwe alinikuta nakunja khanga. Hakunigombeza. Alisema, "Mama, mwaka huu na wewe ulifundisha. Siku mbili. Nakuomba ukae na sisi."

Nilimwambia mimi ni mtu mzima, magoti yangu hayawezi kigoda. Akasema nitakuwekea mto. Huyo ndiye mkwe wangu, hakuachii upenyo.

Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi na kukatika. Kwenye stoo kulikuwa na harufu ya alizeti na chokaa. Watoto wote wawili wamekaa kwenye viti, mume wangu wa miaka minne amevaa kofia ya baba yake. Kigoda kipo mbele yao. Mkwe akamwonyesha mumewe.

"Mimi sikufundisha hata siku moja," mwanangu akasema. "Sina kosa."

"Hilo ndilo lenyewe," mkewe akasema. "Kaa."

Akakaa. Mwili wake wote ule juu ya kigoda, kikalia. Akajikuna shingo, akawaambia watoto wake kwamba mwaka mzima alikuwa anapiga simu anauliza kama wamekula na kama wamelala, hakuna siku aliyouliza wamesoma nini, kwa sababu aliogopa watamjibu kitu asichokijua. Akaomba wamsamehe. Yule mdogo akasema amesamehewa ila alete pikipiki ya kuchezea. Binti alimshika baba yake kichwa kwa mikono miwili, kama mchungaji, akamwombea kwa sauti ndogo. Nilimwona mwanangu akifumba macho kwa nguvu. Huyu niliyemzaa, ambaye sikuwahi kumwambia pole hata siku niliyomchapa kwa kosa la kaka yake.

Halafu mkwe. Ilimbidi ashike ukuta ili ashuke na tumbo lile. Akafungua daftari lake. Yalikuwa mambo madogo madogo: siku aliyofuta ubao mtoto hajamaliza kunakili, siku aliyomlinganisha na mtoto wa jirani. Kila moja anasoma, anasubiri, mtoto anaitikia kwa kichwa, anaendelea. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na mlango, mguu mmoja ndani mmoja nje.

Akafungua ukurasa mwingine. Sauti yake ikashuka. "Mwezi wa sita nilikwenda msibani nikakuacha. Nilijua ni msimu wa baridi. Nilijiambia siku nne si kitu. Ukaumwa, ukalazwa siku nane, na kila ulipolia nilijua kwamba ni mimi, mama yako, nimekuacha. Nimelibeba hilo mpaka leo. Nisamehe, mwanangu."

Mtoto hakuitikia. Aligeuka akanitazama mimi.

Hakunitazama kwa hasira. Ningekuwa na nafuu. Alinitazama kama mtu anayeshikilia mzigo wako barabarani, anakuuliza kwa macho kama utakuja kuuchukua au auweke chini. Nikaelewa kwa mara ya kwanza kwamba miezi sita mtoto yule alikuwa ananificha. Mimi nilidhani amesahau kusema, au hana akili ya kusema. Kumbe alikuwa amesimama mlangoni pangu, analinda.

Nilitaka kutoka. Nasema kweli. Mguu ule wa nje ulikuwa tayari. Lakini mbele yangu mwanamke mwenye mimba ya miezi saba na zaidi alikuwa amekaa chini anaomba msamaha kwa dhambi yangu.

Nikamwambia mkwe anyanyuke. Nikakaa mimi. Kweli alikuwa ameweka mto.

Kutazama juu usoni kwa mjukuu wako si jambo dogo. Kutoka kule chini uso wake ulikuwa mkubwa, na mwanga wa dirisha ulikuwa nyuma ya kichwa chake, na mimi niliyemkata kitovu nikaogopa. Nikaanza na uongo mdogo. Nikasema siku zile nilikuunguzia uji, nisamehe. Mume wangu mdogo akasema ni kweli, uji uliungua. Bado mtoto ananitazama.

"Nilikumwagia maji ya baridi," nikasema. "Siku mbili. Ukaniambia yanaingia kwenye mifupa, nikamwaga tena. Ndiyo maana ukaumwa. Hospitali wakaniuliza, nikadanganya. Mama yako akaniuliza, nikadanganya."

Nikasikia kuku wakiparua nje. Mkwe wangu alipita taratibu nyuma yangu, akatoka. Mwanangu alinyanyuka amfuate, halafu akakaa, hajui amfuate mke au abaki na mama. Mimi sikugeuka. Nilikuwa bado na neno moja na lilikuwa halitaki kutoka. Nimewahi kutoa mchanga kisimani, ndoo kwa ndoo, jua la Oktoba. Ile ilikuwa nyepesi.

"Nisamehe," nikasema.

Alinifikiria. Watoto wanapofikiria kweli unaona, macho yanakuwa hayapo. Kisha akaniuliza, "Bibi, ulikuwa unajua?"

Nikamwambia sikujua. Lakini wewe uliniambia, na mimi nikajifanya najua kuliko wewe.

"Basi mimi sikumwambia mtu," akasema. "Nilimwambia Mungu tu. Nikamwomba na yeye asimwambie mama."

Sijui niandikeje kilichonipata. Nimekaa kanisani miaka zaidi ya hamsini. Nimesikia wachungaji wengi wakihubiri rehema, wengine kwa sauti ya kupasua bati. Sikuwahi kuiona ilivyo. Ina miaka minane, imevaa sweta la kijani lililotoka uzi kwenye kiwiko, na miezi sita yote imemziba Mungu mdomo kwa ajili yangu. Yeye akashuka kwenye kiti, akaniwekea kiganja kichwani juu ya kitambaa. Alimwomba Mungu anisaidie nisiwe na haraka. Basi, ombi lenyewe lilikuwa hilo tu.

Mkwe alikuwa nyuma ya nyumba, ameegemea tangi la maji. Nilimwendea. Sikumgusa. Alisema bila kunitazama, "Siku nane pale wodini, mama, ulikuwa unaniletea chai."

Nikasema ndiyo.

"Nimekusamehe. Lakini nipe siku mbili, sitaweza kuongea na wewe."

Nikasema chukua. Na alizichukua, zote mbili. Alinipakulia chakula, alinisalimia shikamoo asubuhi, na zaidi ya hapo hakuna. Mwanangu alihamahama kati yetu kama mtu aliyebeba mayai. Nilimshangaa mkwe wangu siku zile kuliko siku zote. Angeweza kunisema kwa ndugu zake, angeweza kufunga mizigo. Alisema siku mbili, na akahesabu siku mbili kweli kweli, kama mtu anayengojea kidonda kikauke kabla ya kukigusa.

Kabla ya mwaka mpya kuingia wakakaa kupanga ratiba. Mkwe akamwuliza binti yake tena, safari hii mimi nimekaa pale pale, kama atakubali kufundishwa na bibi. Mtoto akachukua ile karatasi ya ratiba, akaipitia kwa kidole.

"Hesabu, ndiyo," akasema. "Kusoma, bado."

Mwanangu alitaka kumkemea. Nilimwinulia mkono anyamaze. Kiburi changu kilinyanyuka kidogo, sikatai, kwamba mimi napimwa na mtoto kama mbegu sokoni. Lakini nilijua amenipa nini. Kusoma ndiyo sehemu yake ya ndani, pale anapoweka kiganja. Amenipa uani, hajanipa chumbani. Mtu aliyeumizwa na bado anakupa uani, unaingia na unashukuru. Mkwe akasema kusoma atamsomesha yeye akiwa amelala na mtoto kifuani, haihitaji kusimama. Mtihani hautamwacha. Bonde halitavukwa.

Tatizo likabaki kwangu. Hesabu za darasa la nne. Nilichukua kitabu nikakaa nacho barazani, nikagundua kwamba kutoa kwa kuchukua makumi kumenihama kichwani zamani sana. Kwa kuuza kuku sikosei hata senti. Kwenye karatasi zile namba zinanikimbia. Nikaandika, nikafuta, nikaandika. Kivuli kikaja juu ya daftari. Alikuwa mkwe. Siku mbili zilikuwa zimekwisha asubuhi ile na mimi sikuwa na ujasiri wa kumkumbusha.

"Hapo umechukua kumi, mama," akasema, "mbona huku hukuipunguza?"

Akavuta kiti. Tulikaa na namba zile mpaka jua likageuka, yeye ananifundisha, mimi nakosea, ananirudisha, hapandishi sauti. Nikajua sasa mjukuu wangu anasikia nini kila siku. Mtu anayekufundisha bila kukudharau anakufanya utamani kujua. Hilo pipa la mwalimu wetu wa zamani halikuwahi kulifanya. Nilijifunza herufi mwaka ule kwa sababu nilizipenda, maji yalikuwa yananisumbua tu. Imenichukua miaka sitini kuliona.

Jumatatu ya kufungua nilivaa gauni la kanisani. Mume wangu mdogo akaniuliza kama kuna harusi. Tuliimba, mkwe akaomba, halafu akaondoka kwenda kulala kama daktari alivyomwagiza, na tukabaki mimi na mwanafunzi wangu, jua linaingia dirishani, chaki mkononi mwangu. Nilikuwa nimejiandaa kwa hesabu kumi. Nilikuwa nimekesha nazo kichwani. Lakini kabla ya zote kulikuwa na swali moja, na hilo sikulisoma kwenye kitabu.

Nikamwuliza, "Mwili wako leo unasemaje?"

Alifumba macho akajikagua kama mtu anayepita nyumba yake chumba kwa chumba. Akasema magoti mazima. Mgongo mzima. Kidole hiki kinawasha, ila ni mbu tu.

"Kama kingekuwa kinauma?"

"Ningekuambia, bibi."

"Na mimi ningefanya nini?"

Akafumbua macho akanitazama, anataka kuona kama namtega. "Ungeacha," akasema.

"Ningeacha," nikamwambia.

Akachukua penseli. Nikageukia ubao, nikaandika namba ya kwanza, kubwa, imeinama upande kidogo.